Nyayo za kuku: mlaji wa Kusini aamini nini?

Basi dogo la kutoka Newala likiingia stendi ya Mkanaledi, mjini Mtwara, asubuhi, abiria hawajamaliza kushuka, kijana keshapanda kwenye keria anateremsha matenga ya kuku. Kuku wamebanana humo, wengine wamefungua midomo wanahema. Chini wanunuzi wanasubiri, na swali lao ni moja: "Hao ni wa kienyeji?" Jibu nalo ni moja: "Wa kienyeji kabisa, mama, wametoka kijijini." Mkono unapenya kwenye tenga, kuku anapapaswa kidari, bei inapatanwa, miguu inafungwa kamba, na safari ya nyumbani inaanza, kuku akining'inia kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki.

Nimenunua kuku kwa namna hiyo miaka mingi, na nilichelewa kutambua kwamba swali langu halikuwa linauliza nilichotaka kujua. Nilipouliza kama ni wa kienyeji, moyoni nilikuwa nauliza mengine: hajalishwa vitu vya ajabu? Hajadungwa dawa juzi? Hakuwa mgonjwa? Neno "kienyeji" linataja mbegu ya kuku na, kwa kubahatisha, mahali alipokulia. Maisha yake halisemi. Kuku wa kienyeji anaweza kuwa amekaa siku mbili ndani ya tenga bila tone la maji, na broila anaweza kuwa ametoka banda kavu lenye hewa, hajapewa dawa hata mara moja.

Wataalamu wa mifugo wana jina la jambo hili: ustawi wa wanyama. Watu wengi wakilisikia hufikiria huruma tu, tena ya watu walioshiba. Mimi naliona kama suala la chungu chetu. Namna mnyama alivyoishi na alivyokufa huacha alama katika nyama na yai, na alama nyingi mlaji anaweza kuzisoma mwenyewe.

Ihsani, na ndoo ya maji

Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Roger Brambell iliishauri serikali ya Uingereza kwamba mnyama wa kufugwa lazima awe na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Lilikuwa dai dogo, lakini wakati ule mabanda mengi ya huko hayakulifikia. Kufikia 1979 wazo hilo lilikuwa limekuzwa kuwa uhuru wa aina tano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae kwa adha, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, aweze kufanya mambo ya asili yake, na asiishi kwa hofu. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008.

Lakini hapa Mtwara na Lindi hatukuhitaji kuanzia Uingereza. Kila mtoto aliyepita madrasa amefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila jambo, hata katika kuchinja: anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tumefundishwa pia kutomnolea mnyama kisu mbele ya macho yake, na kutomchinja mmoja huku mwenzake anatazama. Hayo ndiyo ustawi, na yako vinywani mwetu tangu utotoni. Tulichokiacha ni kuyarudisha nyuma, kutoka kwenye kisu hadi bandani na barabarani.

Tuchukue kiu. Kuku wa mayai hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku, na joto likizidi hunywa zaidi, kwa sababu hana jasho. Anapoza mwili kwa kuhema, na kuhema kunamkausha. Kuku 200 wanahitaji lita 50, yaani ndoo mbili na nusu kubwa za lita 20, kila siku, bila kuruka. Sasa nenda uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ambako watu wenyewe hupanga foleni ya maji au huyanunua kwa ndoo. Mfugaji wa huko akiwapunguzia kuku maji, usikimbilie kumwita katili. Ndoo ile ile inagombewa na chungu, na mtoto wa shule, na mbuzi. Hata hivyo kuku haelewi hesabu hiyo. Akikosa maji siku nzima anapunguza kutaga, na akizidi kukosa ananyonyoka manyoya na kuacha kutaga kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana nasema kampeni yoyote ya ufugaji bora kwenye uwanda ule isiyoanzia kwenye maji, kwenye matangi ya kuvuna mvua na mabomba yanayotoa, inaanzia pasipo.

Uvumi wa homoni na ARV

Kwenye vibaraza vya Mikindani hadi Nachingwea utaambiwa kuku wa kisasa anachomwa homoni ndiyo maana anakomaa kwa wiki tano au sita. Hili si kweli. Homoni ya kukuza mwili ni protini. Ukimlisha kuku, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Ili ifanye kazi ingebidi kila kuku adungwe sindano tena na tena, na hakuna mfugaji wa kuku 500 mwenye muda wala fedha za kufanya hivyo.

Siri yake ni mbegu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kufuga pamoja kuku wa mbegu za miaka tofauti, wakiwalisha chakula kile kile. Siku ya 56, kuku wa mbegu ya mwaka 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905. Wale wa mbegu ya 2005 walikuwa na gramu 4,202. Kazi yote hiyo ni ya kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi.

Basi mlaji amekosea kuhusu homoni, lakini wasiwasi wake una msingi. Mwili unaokua kwa kasi hiyo unaielemea miguu na moyo. Kuku wa nyama akiachwa apite umri wa kuuzwa, utamwona anakaa zaidi ya anavyotembea, na joto la mchana la Mtwara linaweza kumuua pale pale alipokaa. Huo ni mzigo wa kweli kwa mnyama, na haufichwi kwa kusema tu kwamba hana homoni.

Uvumi mwingine, kwamba kuku hulishwa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ni mzito zaidi kwa sababu una kipande cha ukweli kutoka jirani. Mwaka 2023, nchini Uganda, wabunge walielezwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kwamba tangu 2014 ilijulikana wapo wafugaji wanaowapa nguruwe na kuku dawa hizo. Hayo ni ya Uganda, na hayatoshi kumhukumu kila mwenye banda Mtwara. Lakini nani atamlaumu mlaji akijiuliza? Habari ya namna hiyo ikishatoka, haiondolewi kwa kumkaripia anayeuliza. Inaondolewa kwa kupima nyama na kutangaza majibu, yawe mazuri au mabaya.

Dawa ile ya kawaida, na trei 56

Wakati tunashughulika na homoni, jambo lenye ushahidi zaidi linapita kimya. Ni antibayotiki za kawaida, za unga na za sindano, zinazouzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Kila dawa ya aina hiyo ina muda wa kusubiri: siku ambazo lazima zipite tangu dozi ya mwisho kabla ya mnyama kuchinjwa au yai na maziwa yake kuliwa. Kwa ng'ombe aliyedungwa oksitetrasaiklini ile inayokaa mwilini muda mrefu, aghalabu ni wiki tatu au nne kwa nyama. Kwa kuku ni siku chache, hutegemea dawa. Muda umeandikwa kwenye lebo, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mno.

Kwa nini hauheshimiwi? Fanya hesabu pamoja na mfugaji. Ana kuku 300 wa mayai, wanataga asilimia 80, yaani mayai 240, trei 8 kwa siku. Kuku wameanza kukoroma kwa mafua, amewapa dawa, na anatakiwa asiuze mayai kwa siku saba. Hizo ni trei 56. Tukikadiria trei moja shilingi 9,000, ni shilingi 504,000 za kutupa, na kuku wanaendelea kula kila siku. Anayenunua mayai hatamlipa senti moja ya ziada kwa uaminifu huo, maana hana njia ya kuuona. Mfugaji aliyetupa mayai na jirani yake asiyetupa wanapanga trei kwenye meza moja, kwa bei moja.

Hapo ndipo imani inapovunjikia. Tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja ipo, lakini kubwa zaidi ni soko lisilotofautisha. Madhara yenyewe ni ya namna mbili, na watu huyachanganya. Kwanza ni mabaki ya dawa ndani ya nyama na yai. Kupika hakuyamalizi yote. Pili ni vimelea vilivyozoea dawa. Hivyo hufa jikoni moto ukiwa wa kutosha, lakini vinaweza kuhamia kwa mtu kabla ya kufika jikoni, kupitia mikono ya anayesafisha banda, ubao wa kukatia, maji ya kisima karibu na banda. Siku mtoto akiugua, dawa ile ile inaweza isimsaidie.

Na hapa ustawi unarudi. Banda likiwa kavu na maranda yakigeuzwa, likiwa na madirisha ya wavu upande wa upepo na kuku wa nyama wasiozidi 10 kwa mita moja ya mraba, magonjwa ya kukohoa na kuhara damu yanapungua, na dawa nayo inapungua. Mara nyingi chupa ya dawa hufanya kazi ambayo fundi seremala angeifanya mara moja kwa kupanua dirisha.

Kijijini nako si peponi

Sitaki kumfanya kuku wa kienyeji kuwa mtakatifu. Anatembea, anaoga vumbi, anaparua chini ya mikorosho, na kwa uhuru wa kufanya mambo ya asili yake hakuna banda linalomfikia. Lakini uhuru wa kutokuwa na ugonjwa hana. Mwisho wa kiangazi kideri kinapopita, kinaweza kuacha ua mtupu. Hakina tiba. Kinachosaidia ni chanjo tu: ipo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari kwa jina la TEMEVAC, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, jambo kubwa kwa kijiji kisicho na jokofu.

Pasipo chanjo, kuku wa kwanza akianza kupinda shingo na kuhara kijani, mwenye kuku anafanya ambalo maskini yeyote angelifanya: anawakusanya waliobaki na kuwauza jioni ile ile. Wanaingia kwenye tenga na kuku wa vijiji vingine vitatu, wanapanda basi, na ugonjwa unasafiri nao hadi mjini. Ni wakati huo huo minada ya korosho imeanza, Oktoba na kuendelea, fedha zimeingia mifukoni, kila nyumba inataka kitoweo na hakuna anayechelewa kuuliza maswali. Kwa binadamu kideri si tishio kubwa. Kinaweza kumletea anayenyonyoa macho mekundu kwa siku chache. Lakini anayelipa bei ya juu kwa sababu ya neno "kienyeji" angependa kujua kwamba kuku wake aliuzwa kwa kukimbia kifo.

Nguruwe anatufundisha vivyo hivyo. Akiachwa azurure kijiji kisicho na vyoo vya kutosha, anakula kinyesi cha watu na kupata mayai ya tegu, kisha nyama isiyoiva inalirudisha kwa mlaji. Huyo anahitaji banda zuri, wala si kuachiwa.

Nyama nyeusi

Kusini haikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o waliwazuia. Mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, kwa ajili ya kunusuru maji ya ardhi oevu ya Ihefu, wengi walielekezwa Lindi, hasa Kilwa, Nachingwea, Liwale na Lindi Vijijini, pamoja na ng'ombe wao. Tangu hapo nyama ya ng'ombe imekuwa ya kawaida zaidi mabuchani, na ugomvi kati ya wenye mikorosho na wenye ng'ombe umekuwa wa kawaida pia. Ng'ombe anayependa mabibo hajui mpaka wa shamba.

Linalonihusu hapa ni safari ya ng'ombe yule hadi machinjioni. Misuli ya mnyama ina akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Akichinjwa ametulia na amepumzika, akiba hiyo inageuka asidi, na ndani ya siku moja nyama inashuka kutoka pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ya karibu 7 hadi karibu 5.5. Asidi hiyo ndiyo inayochelewesha bakteria na kuipa nyama wekundu wake mzuri. Aliyeswagwa kwa miguu siku mbili, akapigwa fimbo, akalala njaa na kuchinjwa alfajiri akiwa anatetemeka, keshaitumia akiba yote. Asidi haiji. Nyama inabaki juu ya pH 6: nyeusi, kavu, inanata kidoleni, na inaoza mapema.

Nimewahi kusimama kwenye bucha moja asubuhi, mama aliyenitangulia akaikataa nyama ya namna hiyo: "Kaka, hii ya jana." Muuzaji akaapa kwamba imechinjwa alfajiri, akaonyesha hadi muhuri wa mkaguzi. Naamini wote wawili walikuwa wakweli. Nyama ilikuwa ya leo, na mama alikuwa na haki ya kuikataa. Aliyeiharibu hakuwepo pale. Alikuwa na fimbo barabarani, siku mbili kabla. Safari isiyo na fimbo, au mapumziko ya siku kadhaa yenye kivuli, malisho na maji, yangeweza kuiokoa. Muhuri wenyewe ni lazima uuangalie kila ununuapo nyama ya ng'ombe au mbuzi, lakini unakwambia tu kwamba mkaguzi hakuona ugonjwa. Haukwambii mnyama alifikaje.

Kusoma mwili

Kuku mjini hapigwi muhuri, kwa hiyo jifunze kumsoma. Anzia chini. Jioni utakuta miguu ya broila ikikaangwa pembeni mwa barabara. Geuza mguu mmoja utazame unyayo. Ukiwa laini na wa rangi moja, kuku alisimama pakavu. Ukiwa na kidonda cheusi, duara lenye gamba katikati, alisimama siku nyingi kwenye maranda yaliyolowa maji na kinyesi. Banda hilo huenda lilikuwa na amonia, hewa kali ya kinyesi, ya kuchoma macho, na penye amonia kikohozi hakiko mbali, wala dawa ya kikohozi. Mguu ule mmoja umekueleza zaidi ya maneno yote ya muuzaji.

Panda kwenye mabawa na mapaja. Damu iliyovilia ikiwa nyekundu, aliumizwa muda mfupi kabla ya kuchinjwa, pengine kwa kukamatwa bawa moja au kutupwa kwenye tenga. Ikiwa imeanza kugeuka kijani, jeraha ni la tangu jana au juzi, huko huko bandani au safarini. Na huyo aliyening'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki, ana uzito wa utumbo wake ukimbana pumzi kwa safari nzima. Mbebe kwapani au ndani ya kikapu chenye hewa, ni kazi ile ile.

Kwenye mayai hadaa ni rahisi zaidi. Kiini cha njano iliyokolea hakithibitishi ukienyeji, kwani rangi hutoka kwenye chakula: majani, mahindi ya njano. Sisi tunatumia mahindi meupe, ndiyo maana viini vya mabandani hupauka. Wapo wanaolowesha mayai ya kahawia kwenye siki au ndimu ili yawe meupe kama ya kienyeji. Inawezekana kwa sababu rangi ya yai iko juu juu ya ganda. Lakini asidi inaondoa pia utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya. Pitisha kidole: ganda la yai lililooshwa hivyo lina ukavu wa chaki.

Kwa mayai ninunuayo mwenyewe nimeacha kuuliza kuhusu kienyeji. Nanunua kwa mama mmoja wa upande wa Mikindani mwenye kuku wa kisasa wasiofika 100. Mlangoni mwa banda amening'iniza daftari la shule kwa uzi, na kalamu ya mwanawe. Humo anaandika tarehe ya chanjo, jina la dawa, siku ya mwisho ya kuitoa, na siku ya kuanza kuuza tena. Hakuna aliyemlazimisha, anasema alichoka kusahau. Juni iliyopita nilifika na trei yangu tupu akaniambia, "Baba, leo sina, wapo kwenye dawa, rudi Jumatano ya wiki ijayo." Nyuma yake mayai yalikuwa yamejaa ndoo. Akanifunulia daftari nisome mwenyewe, nikarudi na trei yangu. Jumatano nikaenda, nikamlipa zaidi ya bei aliyoitaja, na mara ya kwanza alikataa.